Elimu kwa Wananchi: Ifahamu Klachi ya Chombo Chako

Katika Kata ya Kiriba, kama ilivyo katika kata nyingine za Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, pikipiki hubeba mahindi, samaki, wanafunzi na, nyakati za usiku, mama mjamzito anayewahishwa zahanati. Chombo kinaposhindwa kupanda mlima saa hiyo, huenda injini ni nzima na kilichochoka ni klachi.

Klachi ni kifaa kinachounganisha na kutenganisha injini na gia. Kwa msaada wake, injini huendelea kuzunguka ilhali magurudumu yametulia. Katika gari lenye gia za mkono, springi hubana pleti kwenye gurudumu zito la injini, yaani flaiwili. Dereva akikanyaga pedali, mbano huachia na gia hubadilishwa. Akiiachia taratibu, pleti huteleza kidogo, kisha hushika, nacho chombo huondoka bila kushtuka.

Pikipiki nyingi zina pleti kadhaa ndogo zinazozunguka ndani ya oili ileile ya injini. Kwa sababu hiyo, si kila oili ya gari inafaa: baadhi zina viungio vya kupunguza msuguano, navyo huzitelezesha pleti. Chagua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2.

Dalili za ubovu ni hizi:

1. Injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki, au kuna harufu ya kuungua. Klachi inateleza.
2. Gia inaingia kwa kelele au inagoma. Klachi haiachii sawasawa. Pengine waya umelegea.

Ili klachi idumu, dereva azingatie yafuatayo:

1. Asiegemeze mguu kwenye pedali wala kushikilia mkono wa klachi akiwa safarini.
2. Anaposimama mlimani, atumie breki.
3. Asiteremke mlima akiwa ameshika klachi, kwani injini haitamsaidia kupunguza kasi.
4. Waya uwe na nafasi ndogo ya kucheza. Ukikazwa mno, pleti hazibanwi kikamilifu na huisha mapema.

Abiria naye, akisikia harufu ya kuungua, amweleze dereva mapema. Waya hurekebishwa kwa dakika chache kijiweni. Pleti zikiisha katikati ya safari, mgonjwa atasubiri njiani mpaka chombo kingine kipatikane.