Ndoo haina ukoo

Wadogo zangu wa Kashai na Hamugembe, nanyi mliopanga kule Muleba mjini, leo tuongee mboga. Najua kinachowauma. Umekulia kibanjani, migomba juu, maharage chini, mibuni pembeni. Mama akitaka mboga alitoka jikoni mara moja na kurudi nazo mkononi. Leo una chumba kimoja, na unanunua fungu la mchicha uliolala tangu jana.

Kibanja huna. Wengine tulikikosa kwa sababu tulizaliwa wanawake tu. Wakubwa wanaikumbuka kesi ya Holaria Pastory, iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, baada ya kuuza shamba alilorithi kwa baba yake na ndugu wa ukoo kuja juu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Sheria ilinyooka, ndugu wengine bado. Ila ndoo ya kupandia mboga, waitu, haina ukoo. Ukihama unaibeba.

Nianze na mwanga, maana hapo ndipo nilipoharibu. Nyanya zangu za kwanza niliziweka pembeni ya kabati, nikazinywesha kwa mapenzi yote. Zikarefuka, zikapauka, zikainamia dirisha kama zinaomba ruhusa ya kutoka. Sikula hata moja. Nyanya na pilipili zinataka jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Mboga za majani huvumilia hata saa tatu au nne.

Sasa litazame dirisha lako. Sisi tuko kati ya digrii moja na mbili kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linatuhama. Tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba linapitia kaskazini, upande wa Uganda. Oktoba hadi mapema Machi linapitia kusini, upande wa Biharamulo. Dirisha la kaskazini litakupa jua Juni na kukunyima Desemba. Mwenye dirisha la mashariki, linalotazama ziwa, ana jua la asubuhi mwaka mzima, asihangaike. Mwenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani aombe nafasi barazani.

Chombo si kazi. Dumu la mafuta ya kula lililokatwa, beseni lililopasuka, kiroba cha unga, vyote vinafaa. Nyanya ipe ndoo ya lita 20, mche mmoja, usiwe na tamaa. Toboa matundu chini, uweke kisahani, maana baba mwenye nyumba akiona sakafu imelowa hutamaliza mwezi kwa amani. Kisahani kimwage kila siku. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa habari za mbu.

Udongo mtupu hugandamana ndani ya ndoo. Changanya na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo, kisha tia konzi ya majivu, kwa sababu mvua zetu nyingi zimeuosha udongo ukabaki na tindikali. Ukipata maganda ya kahawa kwenye mashine ya kukoboa, yatandaze juu yashike unyevu, kama nyasi zinavyotandazwa kibanjani. Maji usiyapimie kwa macho. Chomeka kidole, kikitoka kikavu, mwagilia. Utashangaa Aprili mvua inapiga bati usiku kucha na ndoo yako ndani ina kiu.

Anza na mchicha. Wiki tatu au nne unakula, na moyo unapata nguvu. Vitunguu majani ni rahisi zaidi: ukinunua fungu sokoni, kata majani upike, mizizi irudishe kwenye udongo. Nyanya na pilipili ziache baadaye, na zikitoa maua zitikise kwa kidole asubuhi, kwa kuwa ndani hakuna upepo wa kuzifanyia kazi hiyo.

Matunda? Stroberi inakubali ndoo, ikipata jua. Na wewe uliyeniuliza kama mgomba unaweza kukaa chumbani: utaota, ndiyo, lakini mkungu usiusubiri. Ndizi nenda ukale kwa mama likizo, na ukirudi beba samadi ya ndoo zako kwenye kiroba.