Ukishatoka kuchomwa Botox

Mdogo wangu mmoja aliniandikia usiku. Mchana wake alikuwa amechomwa sindano za kulainisha ndita, nyumbani hajamwambia mtu, na ili vile vinundu vya paji la uso visionekane alikuwa amejifunga kilemba, akakikaza hasa. "Dada, kichwa kinanigonga, nifanyeje?" Fungua hicho kilemba, nikamjibu. Fungua sasa hivi.

Vinundu vyenyewe vingeondoka bila kufichwa. Mara nyingi huwa kama vya kuumwa na mbu, na nusu saa haipiti vimezama. Damu ikivilia ndiyo hukaa siku kadhaa. Shida ni kule kubana. Dawa hii huzuia ujumbe wa neva usiufikie msuli unaokunja ndita, nasi tunataka ibaki palepale ilipowekwa. Ikisogea hadi kwenye msuli unaoinua kope, jicho hulala nusu, na huweza kukaa hivyo kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo, kwa muda wa saa nne za mwanzo usilale wala kuinama kwa muda mrefu, na uso usiukande. Ile kofia ngumu ya bodaboda inabana paji zima. Siku hiyo rudi kwa bajaji. Unayeswali, panga miadi mara tu baada ya swala ili upate nafasi kabla ya inayofuata, kisha kwenye sijda liweke paji taratibu. Mazoezi mazito, pombe na kujifukiza, viache hadi kesho yake. Kichwa kikiuma, meza parasetamoli, maana aspirini huzidisha kuvilia kwa damu. Ila kama daktari alikupa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kwa uamuzi wako.

Singo na kukandwa uso saluni, mimi ningesubiri wiki mbili. Hapa nawasihi maharusi: msichomwe wiki ya harusi! Dawa huanza kuonekana siku ya tatu hadi ya tano, na hukamilika kama siku ya 14. Hizo siku za katikati ndizo za majaribu. Utajitazama kwenye kioo, nyusi moja imepanda kuliko nyenzake, utake kukimbilia kliniki nyingine wakuongeze. Vumilia. Siku ya 14 ikifika rudi kwa yuleyule aliyekuchoma, kwa sababu ndiye anayejua alikuwekea kiasi gani na wapi. Anayekubali kukuongezea siku ya nne bila kuuliza chochote, mimi simwamini.

Sasa narudi kwenye ile siri, maana ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko kilemba. Ni nadra, lakini dawa hii inaweza kusambaa mwilini. Ukiona chakula hakimezeki, sauti imebadilika, unaona vitu viwiliviwili, mwili umelegea au pumzi ni nzito, nenda hospitali saa hiyohiyo, wala usingoje miadi. Dalili hizo huweza kuja baada ya saa chache, au hata wiki kadhaa, wakati wewe mwenyewe umeshaisahau sindano. Na kama kuongea kumekuwa shida, nani atamweleza daktari wa zamu? Mumeo atasema ulikuwa mzima tu asubuhi. Atakuwa anasema kweli, na daktari ataanza kutafuta mbali.

Sikwambii umtangazie ukoo mzima. Uso ni wako. Lakini kabla hujatoka kliniki omba karatasi yenye jina la dawa, idadi ya yuniti, mahali ulipochomwa na tarehe. Ipige picha, umtumie mtu mmoja unayelala naye nyumba moja. Yule mdogo wangu alimtumia dada yake anayeishi naye usiku uleule, akiwa bado anavua kilemba. Dada mtu akamletea maji, wakakaa sebuleni wakiongea hadi kichwa kikatulia.