Dondoo muhimu: Leseni ya data za ramani ya jamii

Hakimiliki ya kawaida hulinda mchoro. Lakini orodha ya visima, mitaro na vichochoro mara nyingi huponyoka ulinzi huo. Ndiyo maana ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap, ambako mradi wa Ramani Huria uliweka mitaa ya Dar es Salaam, iliachana na leseni ya Creative Commons mwaka 2012 na kuhamia ODbL, iliyoandikwa mahususi kwa ajili ya kanzidata.

ODbL humruhusu yeyote kutumia data, hata kibiashara, mradi ataje chanzo. Akiboresha kanzidata yenyewe na kuitoa hadharani, sharti aitoe kwa leseni hiyohiyo. Ramani aliyoichapa kutokana nayo anaweza kuiuza apendavyo. Hapo wengi huchanganyikiwa. Pasomeni mara mbili.

Leseni ya CC0, ya Creative Commons, haidai chochote, hata kutajwa. Ichagueni ikiwa kweli hamtaona kinyongo kampuni ikichukua jasho lenu na kulifungia.

Msinakili kutoka Google Maps: data isiyo yenu hamna mamlaka ya kuipa leseni.

Amueni leseni kabla ya kuanza kupima. Mkibadili leseni baadaye, itabidi kumtafuta kila mchangiaji aridhie, na wengine watakuwa wameshahama na kubadili namba za simu.