FAHIRISI YA MAKTABA: KUTOKA KALAMU YA IBN AL-NADIM HADI KOMPYUTA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Himdi zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi, mwaka huu niliwataka wanafunzi waandike, bila kutazama, jina la kitabu mashuhuri cha hadithi cha Imam Nawawi. Mmoja aliandika Riyadhus Salihin, mwengine Riyaadhus Swaalihiin, wa tatu Riyadh al-Saliheen. Wote wamepatia, kwani hatuna njia moja ya kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini. Lakini kompyuta ya maktaba haisikii sauti, hufuata herufi. Ikiwa imepewa tahajia moja tu, wawili kati yao wataambiwa kitabu hakipo, nacho kimo kabatini nyuma yao.

Jambo hili si dogo. Vitabu vingi vya madrasa ni wakfu, na sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kuhusu amali tatu zisizokatika mtu akifa, mojawapo ikiwa ni elimu yenye kunufaisha. Aliyetoa kitabu alikitoa kisomwe.

Waislamu walishughulika na kazi hii mapema. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliandika al-Fihrist mwaka 377 Hijria (987 Miladia), akavipanga vitabu alivyovijua katika makala kumi, ya kwanza ikiwa na habari za Qur'ani. Neno letu fahirisi ni neno hilo hilo. Karne ya 17, Haji Khalifa wa Istanbul alikusanya majina ya vitabu zaidi ya 14,000 katika Kashf al-Dhunun, kwa mpango wa alifu na be.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kwa maoni yangu, maktaba ya vitabu mia mbili haiihitaji, daftari linatosha. Vikizidi, kompyuta ya kutafutia vitabu si lazima iwe mpya, kwani kazi yake ni kufungua ukurasa mmoja tu. Fedha zitumike kwa skrini yenye maandishi makubwa, stabilaiza na UPS. Kibodi ibandikwe herufi za Kiarabu. Ipo programu ya bure iitwayo Koha, iliyoanza kutumika Januari 2000 katika maktaba za Horowhenua, New Zealand. Jina lake kwa Kimaori maana yake ni zawadi.

Kazi kubwa ni ya anayeingiza majina. Kila kitabu kiandikwe kwa Kiarabu chake, kisha kwa tahajia zote ambazo mtoto anaweza kuzitumia. Ajaribu alifu yenye hamza na isiyo na hamza, aone kama zote zinaleta jibu. "Al" ya mwanzo isihesabiwe katika kupanga, ama sivyo nusu ya maktaba itajazana kwenye alifu. Na waandishi je? Anayemtaka Imam Bukhari hataandika Muhammad bin Ismail. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1969, apatikane kwa Farsy, Farsi na al-Farsy.

Kompyuta hiyo ifungwe isifungue kitu chengine ila fahirisi, na ijifute kila mtu anapoondoka. Mama anayetafuta kitabu cha talaka, au kijana anayeuliza habari za maradhi, asiache alama kwa anayemfuata. Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza kuchunguzana.

Orodha yenyewe isikae katika kompyuta ya wasomaji. Nakala itolewe kila wiki katika flashi na ihifadhiwe nje ya jengo. Daftari la zamani lisitupwe, umeme ukikatika ndilo litakalofunguliwa.

ZOEZI: Chukua vitabu vitano vya dini vilivyomo nyumbani kwenu. Muulize kila mmoja wa nyumbani anavyoliandika jina la kila kitabu, na uandike majibu yote kama yalivyo, bila kusahihisha. Mlete orodha hizo kwa mwalimu wa maktaba, ziingizwe katika fahirisi.

Wabillahi tawfiiq.