Kutoka Embe la Mama Ngina hadi Darasani: Maandalizi ya Mimumunyo ya Majaribio ya Difusheni na Osmosisi

Utangulizi

Katika bustani ya Mama Ngina, ukingoni mwa kisiwa cha Mombasa, mchuuzi hukata embe bichi vipande, akavinyunyizia chumvi na pilipili. Punde si punde maji hukusanyika chini ya chombo ilhali hakuna aliyeyatia. Mwanafunzi aliyeyaona maji hayo tangu utotoni, akiulizwa maana ya osmosisi, aghalabu hukariri fasili asiyoihusisha na embe hilo. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo ni la lugha kama lilivyo la maabara, na yanaeleza maandalizi ya majaribio kwa Kiswahili.

Istilahi

Difusheni ni kusambaa kwa chembe kutoka zilipo nyingi hadi zilipo chache. Osmosisi ni kupita kwa maji katika utando unaochuja, kutoka mmumunyo hafifu hadi mmumunyo uliokolea zaidi.

Kuna haja ya kutofautisha kuyeyuka na kumumunyika. Katika mazungumzo, barafu huyeyuka na chumvi pia huyeyuka. Kisayansi, barafu hugeuka kimiminika kwa kupata joto, ilhali chembe za chumvi hutengana na kuenea katika maji. Mzizi wa neno mmumunyo ni mumunya, kitendo kinachofahamika kwa yeyote aliyewahi kuweka peremende kinywani. Aidha, mchuzi hukolea chumvi. Mmumunyo nao hukolea.

Maandalizi

Mosi, maji. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi kutokana na bahari kupenya ardhini. Maji hayo yakitumiwa kama maji matupu, jaribio huharibika kabla ya kuanza. Yafaa kutumia maji yaliyokenekwa, au ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi.

Pili, mmumunyo mama wa asilimia 10. Gramu 10 za chumvi humumunywa katika maji kiasi, kisha maji huongezwa hadi ujazo wote ufike mililita 100. Kosa la kawaida ni kupima mililita 100 za maji kwanza, ndipo chumvi itiwe. Ujazo huzidi na ukolevu hupungua.

Tatu, kuzimua. Mililita 5, 10, 20 na 35 za mmumunyo mama, kila moja ikiongezwa maji hadi mililita 100, hutoa asilimia 0.5, 1, 2 na 3.5 mtawalia. Chombo cha tano huwa na maji matupu. Asilimia 3.5 hukaribia ukolevu wa maji ya bahari.

Nne, mbatata. Vipande vya sentimita 5 kwa 1 kwa 1 hukatwa kutoka kiazi kimoja, bila maganda. Mhogo mbichi pia hufaa, ila usionjwe, kwa kuwa una viambato vinavyozalisha sayanidi.

Majaribio

Kwa difusheni, punje moja ya pamanganeti ya potasiamu huwekwa kwa kibanio katika maji yaliyotulia, na nyingine katika maji ya moto. Rangi huenea upesi zaidi katika maji ya moto. Punje zisishikwe kwa mkono, kwani hutia madoa.

Kwa osmosisi, kila kipande hupimwa uzito, huloweshwa kwa saa moja, hupanguswa, kisha hupimwa tena. Kipande cha gramu 5.0 kikifika gramu 5.5, kimeongezeka kwa asilimia 10. Katika maji matupu kipande hukaza. Katika asilimia 3.5 hulegea na kupungua uzito. Kipande kilichochemshwa nacho kijaribiwe: joto limeharibu tando zake, hivyo hakikazi.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini sayansi katika shule za sekondari bado hufundishwa kwa Kiingereza. Hatua zilizoelezwa hapa zinadhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kipimo, tahadhari na matokeo. Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili ni kuzipeleka istilahi hizi maabarani, zikapimwe huko pamoja na chumvi. Neno lisilotumika hubaki kamusini. Na embe la Mama Ngina litaendelea kutoa maji bila mwanafunzi kujua kwa nini.