HAKI ZA BARAZA
Somo la Mazungumzo ya Mdomo na Mazungumzo ya Simu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Imepokewa kwa Abu Said Al-Khudri, na wameithibitisha Bukhari na Muslim, kwamba Mtume s.a.w. aliwatahadharisha Masahaba wake na kukaa njiani. Wakamwambia kuwa hawana budi na vikao vile, kwani ndipo wanapozungumzia mambo yao. Basi hakuwavunjia kikao chao, bali aliwajuulisha kuwa ikiwa hapana budi, na waipe njia haki yake. Walipomuuliza haki hiyo ni ipi, akawahisabia mambo matano: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya.

Juu ya mambo haya matano limejengwa somo hili, nalo lawahusu sana watu wa pwani, ambao baraza kwao ni nusu ya nyumba. Mjini Unguja, tangu Soko Muhogo hata Malindi, mwenye nyumba amejenga kibaraza nje ya mlango ili wapitao wapate pa kukaa, na kahawa chungu ikazunguka. Mashamba nako, wavuvi wa Kendwa na Nungwi wakishapandisha vyombo hukaa pwani wakitengeneza nyavu na kuulizana khabari. Hapo bei ya nguru hujulikana, mgonjwa huulizwa, maiti hutangazwa, na serikali husifiwa na kulaumiwa. Wala si aibu kwa watu kuzungumza. Mtu asiyejua hali ya jirani yake atamsaidia vipi?

Tafauti ya zama hizi ni kuwa baraza imeingia ndani ya simu. Kijana aliyetoka Kendwa akenda kufanya kazi Maskati, na mwenzake aliyeko London, na wa tatu aliyebaki nyumbani akifanya kazi hotelini, wote watatu wamo katika kundi moja la WhatsApp. Asubuhi wanajadili siasa, mchana wanaulizana kama mvua imenyesha shamba, na usiku wanazungumzia ndoa na talaka ya mwimbaji ambaye hapana mmoja wao aliyepata kumuona kwa macho. Kikao hicho kina kheri yake. Kimeunga udugu ambao bahari ingeukata.

TAFAUTI YA BARAZA MBILI

Na ajue msomaji kuwa baraza ya chokaa ilikuwa na walinzi watatu, na baraza ya simu haina hata mmoja.

Mlinzi wa kwanza ni uso. Mtu akimsema mtu barazani huona nyuso za wenziwe zikibadilika, na huenda mwenye kusemwa akatokea kichochoroni, naye akaona haya akanyamaza. Mwenye simu yu peke yake chumbani, haoni uso wa mtu.

Mlinzi wa pili ni kujulikana msemaji. Barazani huulizwa, "Nani amekwambia?" naye hulazimika kumtaja. Katika simu neno huja halina mwenyewe. Limepita mikono mia, na kila mkono umelipokea na kulitoa bila kuulizwa.

Mlinzi wa tatu ni kusahau. Neno la barazani kwa kawaida lilikufa pamoja na moto wa kahawa. Neno la simu huandikwa likabaki, likapigwa picha, likatolewa tena baada ya miaka kumi, na aliyelisema huenda amekwisha kutubia au amekwisha kufa.

Basi walinzi hawa wakiwa wameondoka, hapana atakayesimama mahali pao ila mtu nafsi yake.

HAKI YA KWANZA: KUINAMISHA MACHO

Mwenye kukaa njiani hupitiwa na watu, akaamrishwa asiwakodolee macho. Mwenye simu hapitiwi na watu tu, bali huletewa nyumba zao: picha za wanawake waliopigwa harusini wakidhani wamo miongoni mwa wanawake wenziwao, picha za mgeni aliyelala mchangani pwani ya Kendwa, asiyejua kuwa amepigwa, picha za majeruhi kabla jamaa zake hawajapata khabari. Haki ya picha hizo ni kutozitazama, na haki kubwa zaidi ni kutozipitisha. Mwenye kuitazama amekosa kwa macho yake mawili. Mwenye kuipeleka katika kundi la watu mia mbili amefungua mlango wa makosa mia mbili.

HAKI YA PILI: KUZUIA UDHIA

Udhia mkubwa wa barazani ni ulimi. Mtume s.a.w. ameieleza maana ya kusengenya kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa, na ikiwa jambo hilo analo kweli? Akajibu kuwa hilo ndilo kusengenya lenyewe, na lau kuwa hanalo, basi huko ni kumzulia. Kwa hiyo anayejitetea kwa kusema, "Lakini ni kweli," hakujitoa dhambini. Amejitoa dhambi moja akajithibitishia nyengine.

Wako wanaodhani kuwa watu mashuhuri, waimbaji na wachezaji wa sinema, hawana heshima ya kuhifadhiwa, kwa kuwa wao wenyewe wamejitoa mbele za watu. Jawabu ni kuwa alichokitoa mbele za watu, kama nyimbo yake au mchezo wake, kitasemwa kuwa ni kizuri au kibaya. Ama alichokifungia mlango hakikuwa cha watu kwa sababu jina lake linajulikana.

Na mfano wake upo. Tarehe 7 Aprili 2012 alikufa Dar es Salaam mchezaji sinema Steven Kanumba, kijana wa miaka 28. Msichana aliyekuwa pamoja naye usiku ule akashitakiwa. Juma lile lile baraza zote, za chokaa na za simu, tangu Bara hata visiwani, zilikwisha kukata hukumu: huyu akamwita muuaji, yule akamwita aliyeonewa, na wote hawakuwako. Mahakama, penye mashahidi na kiapo, haikumaliza kazi yake ila Novemba 2017, ilipomhukumu kifungo cha miaka miwili kwa kuua bila ya kukusudia. Jambo lililomchukua kadhi wa serikali miaka mitano na zaidi, mnywaji kahawa alilimaliza kabla kikombe hakijapoa. Je, walioongeza chumvi katika maneno yale walipata nini, na siku ya hisabu watatoa nini?

HAKI YA TATU: KURUDISHA SALAMU

Salamu ni amani, na kuirudisha ni kumthibitishia mwenzio kuwa yu katika amani yako. Katika kundi la simu haki hii ni kumjibu aliyetoa khabari ya msiba, kumuulizia mgonjwa, kuchanga anapohitaji mtu sanda au nauli ya kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Ni ajabu kwa mtu kuwa mwepesi wa kujibu mzaha kwa maneno kumi, kisha likatajwa jina la mgonjwa akapita kama hakuona.

HAKI YA NNE: KUAMRISHA MEMA

Asidhani msomaji kuwa somo hili lamtaka anyamaze na mambo ya nchi. Wanazuoni, miongoni mwao Imamu Nawawi, wamebainisha mahali ambapo kumtaja mtu kwa ubaya kunajuzu, na miongoni mwao ni mwenye kudhulumiwa kushitaki dhuluma yake, mwenye kutaka msaada wa kuondoa uovu, na mwenye kuwatahadharisha watu na madhara. Kunyamaza na haki si adabu.

Lakini msemaji wa haki husema alijualo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba na watu wengi kupita kiasi, ilizama katika bahari ya Nungwi, jirani na Kendwa. Wavuvi na vyombo vya mahoteli vikatoka kuokoa, na maiti wakapelekwa mjini, wakalazwa Maisara ili jamaa zao wawatambue. Hesabu ya awali ilikuwa ya mamia. Barazani watu wakasema hapana, waliopotea ni wengi zaidi. Mwezi Januari 2012 ripoti ya tume ya uchunguzi ilipotoka, waliokufa na waliopotea walihisabiwa kuwa zaidi ya 1,500.

Basi watu wa baraza walikuwa na haki, na sababu yake yapasa kufahamika. Hawakuwa na haki kwa kuwa walipiga kelele, bali kwa kuwa huyu alisema, "Mimi ndugu yangu alipanda, hakurudi," na yule akasema, "Mimi mke wangu na watoto wangu." Huo ni ushahidi. Ama aliyekaa mbali, hana aliyempoteza wala hakuuliza mtu, akabuni idadi yake na kuipeleka kwa watu, huyo hakuwasaidia wenye msiba. Aliwachanganyia ushahidi wao na uwongo wake, hatta mwenye kutaka kuwakanusha akapata pa kuanzia.

HAKI YA TANO: KUKATAZA MABAYA

Mabaya ya barazani hukatazwa mwanzo wake, kwani mwisho wake hauzuiliki. Mwaka 1995, simu za mkononi hazijaenea visiwani, zilitoka Pemba khabari za kiumbe cha usiku waliyemwita Popobawa. Kwa midomo mitupu khabari zikavuka bahari hata Unguja, zikafika Dar es Salaam. Watu wakaacha vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, wakiwasha moto wakikesha. Kisha ikatokea Unguja kuwa mtu mmoja mgonjwa wa akili, asiye na kosa, alishikwa na kundi la watu wakamdhania kuwa ndiye, wakampiga hatta akafa. Roho ya mtu ilitoka kwa sababu ya "wanasema". Na lau angetafutwa aliyeanza kusema, asingepatikana. Ikiwa mdomo mtupu umefanya hayo, itakuwaje kwa chombo kinachofikisha neno Maskati na London kwa nukta moja?

Na nyumba ya Mtume s.a.w. yenyewe haikusalimika na ndimi. Bibi Aisha r.a. alizuliwa uwongo, na Madina ikazungumza kwa muda wa mwezi, hatta zikateremka aya za Suratun Nur kumtakasa na kuwalaumu waliolipokea neno kwa ndimi zao pasina kulijua. Katika siku zile Abu Ayyub Al-Ansari aliulizwa na mkewe kama amesikia wanayosema watu. Akasema amesikia, na kuwa ni uwongo, kisha akamuuliza kama yeye angeweza kutenda jambo lile. Akajibu kuwa hawezi. Akamwambia kuwa Aisha ni bora kuliko yeye. Neno likafia katika nyumba ile, halikutoka nje. Hivyo ndivyo akatazavyo mwenye akili: humpimia mwenziwe kwa pishi anayojipimia nafsi yake.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Mwenye kupeleka khabari kama alivyoipokea, asiongeze neno lake, ana lawama?

Jawabu: Anayo. Mtume s.a.w. amefahamisha kuwa yamtosha mtu kuwa muongo kuhadithia kila alisikialo. Na umma huu ndio uliofundisha watu kuuliza sanad: nani kapokea kwa nani, na je, ni mkweli, na je, walikutana? Khabari ya simu isiyojulikana mwanzo wake haina sanad.

Suali: Na ikiwa imeletwa na watu wengi, katika makundi mengi, si imekuwa mutawatir?

Jawabu: La. Mutawatir ni iliyopokewa na wengi katika kila tabaka, tangu mwanzo wake, nao wa mwanzo wakawa wameona au wamesikia wenyewe. Ama watu elfu waliopokea kwa mmoja asiyejulikana, hao ni mmoja tu.

Suali: Aliyemo katika kundi wanalosengenya, naye hasemi kitu, afanyeje?

Jawabu: Mwenye kusikiliza kwa ridhaa ni mshirika. Akataze kwa upole, asipoweza, awageuzie mazungumzo, asipoweza, aondoke. Na msimamizi wa kundi ni kama mwenye baraza: watu wamekaa kwake, basi ana haki ya kuwakanya na jukumu la kufanya hivyo.

Suali: Sheria ya nchi yasemaje?

Jawabu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo imefika Bara na Unguja, ilimwekea mwenye kutangaza uwongo kwa kusudi faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au yote mawili. Lakini muumini huacha uwongo hata pasipo askari, wala hafanyi khofu ya askari kuwa udhuru wa kuficha ushahidi wa kweli alionao.

Suali: Aliyekwisha kueneza uwongo, akatubia, je, kuufuta katika simu yake kwamtosha?

Jawabu: Hakumtoshi, kwani hapo pana haki ya kiumbe. Masharti ya toba ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki kwa mwenyewe. Basi arudi katika kila kundi alilolipeleka neno lile, aseme wazi kuwa lilikuwa la uwongo, na amtake radhi aliyemdhulumu, ila ikiwa kumwambia kutazidisha fitina. Hapo amuombee Mungu na amtaje kwa wema pale pale alipomtaja kwa ubaya.

KHATIMA

Kahawa itaendelea kunywewa, na simu itaendelea kulia. Mwenye kutaka usalama wa dini yake na wa jirani yake, neno likimjia alishike kwanza, alipitishe katika masuali matatu: Limetoka kwa nani? Je, lina manufaa kwa watu? Je, ningelisema na mwenyewe amekaa hapa kibarazani? Likishindwa moja katika hayo, na lifie mkononi mwake. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.