KAZI ZA BUSTANI YA NYUMBANI KABLA YA MASIKA



Siku hizi za jua kali la Februari si siku za kukaa kivulini. Mahindi ya vuli yamekwisha kuvunwa, na mvua ya masika twaitazamia mwezi wa Machi. Katika majuma haya machache nyumba huamua kama itakula mboga yake mwezi wa Aprili, au kama itakwenda kukopa kwa jirani. Maana sote twajua ya kuwa mara nyingi njaa huja wakati shamba ni kijani: mahindi hayajakomaa, na ghala limekwisha kufagiliwa. Ndipo bustani iliyo nyuma ya nyumba iwapo ghala la mjane na la mtoto.

Labda mtu atauliza: Gazeti la Kanisa lina shauri gani na samadi na majembe? Na tumjibu. Katika Mwanzo sura ya 2 twasoma ya kuwa mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kabla dhambi haijaingia. Basi kulima si adhabu, ni wito. Tena Dr. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alipolieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, alihesabu shamba, mifugo na hewa njema kuwa ni sehemu ya mkate wa kila siku, hata majirani waaminifu pia. Yeye mwenyewe alikuwa na bustani huko Wittenberg, akamwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link wa Nürnberg ampelekee mbegu. Basi aombaye mkate, na mkono wake mfupi kwa jembe, aombaje?

Haya, na tuzitazame kazi hizi moja moja.

1. Mfereji. Maore iko chini ya mlima, na maji ya Hingilili hutushukia kutoka juu. Wazee wa Upare waliacha urithi mkubwa wa mifereji na ndiva, yaani mabwawa yajazwayo usiku na kufunguliwa mchana. Lakini ndiva iliyojaa matope haishiki maji, na mfereji ulioota nyasi huyamwaga njiani. Kazi hii haimfai mtu mmoja. Ni kazi ya msaragambo. Mbiu ya msaragambo ikipigwa, Mkristo asiwe wa mwisho kufika wala wa kwanza kuondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa mfereji hujenga ugomvi. Afunguaye maji usiku isipokuwa zamu yake, ameiba mboga katika sufuria ya mwenziwe, ingawa hakuugusa mlango wake.

2. Udongo. Mvua ya kwanza hukuta ardhi tupu na kuichukua. Udongo wa bustani ya mlimani hushuka katika mifereji yetu, hufika Mto Mkomazi, kisha Pangani, wala haurudi. Mwezi wa Novemba 2009 mvua nyingi ilileta maporomoko huko Mamba Miamba, katika wilaya hii ya Same, na watu zaidi ya 20 wakafa. Hatusemi ya kuwa jembe la mtu lilileta msiba ule. Twasema tu ya kuwa mteremko si kitu cha kuchezea.

Basi penye mteremko, chimba makinga maji kwa usawa. Twaa fito mbili za urefu wa meta 2, zifunge pamoja juu. Ya tatu ifunge katikati, zifanane na herufi A. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka juu. Simamisha fito, tia alama pale kamba ipitapo. Kisha geuza miguu, kila mmoja ukae mahali pa mwenziwe, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa haki: kamba ikipita hapo, miguu yote miwili iko sawa. Pima mstari wote kwa kigingi na kigingi, chimba mfereji juu ya mstari huo, udongo uutupe upande wa juu, upande majani ya tembo juu ya tuta. Huku bondeni, mahali pakavu, kitanda cha mboga kichimbwe chini kidogo ya uso wa nchi ili kishike maji. Bali mahali maji yatuamapo, kiinuliwe.

3. Samadi. Wengi husafisha bustani kwa moto. Moto hufanya kazi upesi, lakini hula chakula cha udongo. Mabua na majani makavu yakusanywe: tabaka la majani, tabaka la samadi, udongo kidogo na majivu kidogo, kisha maji, hivyo hivyo mpaka lundo lifike kifuani. Lifunike kwa nyasi, uligeuze kila baada ya majuma mawili au matatu. Lundo lianzalo leo haliivi kabla ya miezi miwili au mitatu, basi hilo ni la kazi za baadaye. Kwa masika haya tumia samadi ya zamani, iliyo nyeusi na yenye harufu ya udongo. Samadi mbichi huunguza miche.

4. Mbegu. Usingoje mvua ndipo uijue mbegu yako. Hesabu mbegu 10, zifunge katika kitambaa kilicholowa, ukitunze kisikauke kwa muda wa juma moja. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 6 au 7, panda kwa wingi zaidi. Zikipungua hapo, tafuta nyingine mapema, maana siku ya mvua kila mtu hutafuta. Mbegu ya mahindi chotara inunuliwayo dukani, mavuno yake usiyarudishe shambani kuwa mbegu. Hayatazaa kama mama yake. Bali maharage na mboga za asili waweza kuzitunza mwenyewe: kausha vizuri, changanya na majivu makavu, funga chombo. Na mama wa nyumba asiipike mbegu, hata kama chungu ni kitupu siku moja. Heri kumwambia jirani haja yako kuliko kuula mwaka ujao.

5. Kitalu. Nyanya, sukumawiki na mnavu zianze kitaluni majuma manne au matano kabla ya kuhamishwa. Fanya tuta la upana wa meta 1, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga. Panda kwa mistari, funika kwa nyasi, nyunyiza asubuhi na jioni. Mbegu zikichomoza, ondoa nyasi, uweke kivuli chepesi. Hamisha miche jioni au siku ya mawingu. Katika masika nyanya hupatwa na ukungu. Basi zifunge kwenye miti, ukate majani yagusayo udongo. Na mahindi yakichipua, yakague mara mbili kila juma. Viwavijeshi vamizi, walioonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017, hushindwa kwa urahisi wangali mayai: ponda mayai kwa vidole kabla hawajaingia moyoni mwa mche.

6. Migomba. Shina lenye watoto wengi huzaa mikungu midogo. Acha mama, binti na mjukuu, wengine waondolewe. Ukitaka kupanda, chagua chipukizi lenye majani membamba kama upanga, menya mizizi yake, tazama kama pana matundu ya fukusi. Likiwa na matundu, usilipande. Shimo liwe na upana na kina cha sentimeta 60, likae tayari na samadi yake kabla mvua haijanyesha.

7. Jirani. Kazi hii twaiweka mwisho, wala si kwa kuwa ni ndogo. Katika kila mtaa yuko mzee asiyeweza kuinua jembe, au mama aliyefiwa na mumewe ambaye watoto wake wako Dar es Salaam. Nguvu za watu wanne kwa asubuhi moja zatosha kuchimba vitanda vyake viwili. Mara nyingi wakati wa Kwaresima ndio huu huu wa kungoja masika. Kijana aulizaye, Nifunge kwa namna gani?, na aanze hapo. Maana chakula cha msaada kitolewacho mwezi wa Mei ni chema. Lakini kitanda kilichochimbwa mwezi wa Februari humwachia mzee heshima yake, naye huchuma kwa mkono wake mwenyewe.

Maswali ya kujifunza nyumbani na katika vikundi:

Ni nani aliye chini yetu kwenye mfereji, naye hupata maji ya namna gani kutoka kwetu?
Mbegu zetu tumezijaribu, au twazitumaini tu?
Ni nani katika mtaa wetu ambaye bustani yake bado haijaguswa?

Mvua si yetu kuiita. Yuko mwenye kuileta kwa wakati wake. Lakini itakapokuja, na iikute ardhi iliyofunguliwa, mfereji uliosafishwa, na majirani wasio na kesi. Bwana na azibariki kazi za mikono yenu.